Mteremko wa grafu: namna ya kukipata usichoweza kukipima

Chukua jagi la plastiki, mizani ya jikoni na ndoo ya yale maji mazito ya mabwawa ya chumvi ya kule Gongoni, yaliyokaa juani hadi chumvi imeanza kuganda pembeni. Swali ni moja: mililita moja ya maji haya ina gramu ngapi? Kikwazo nacho ni kimoja: jagi lina maji kidogo yaliyobaki chini, hujui lenyewe lina gramu ngapi, na huruhusiwi kulimwaga ukalikausha.

Mtu wa haraka atamimina mililita 100, asome gramu 332 kwenye mizani, agawe, apate 3.32. Akiongeza hadi mililita 200 mizani itasema 452, na akigawa atapata 2.26. Kwenye mililita 300 atasoma 572, sawa na 1.91. Kwenye 400 atasoma 692, sawa na 1.73. Majibu manne ya maji yale yale, na yote ni ya uongo. Maji ya bahari ya kawaida yana gramu 1.025 hivi kwa mililita, na hata yale yaliyoshiba chumvi hayaendi mbali sana na 1.2. Kwenye maji ya 3.32 jiwe lingeelea.

Sasa acha kugawa, tazama nyongeza. Kutoka 332 hadi 452 ni gramu 120. Kutoka 452 hadi 572 ni 120. Kutoka 572 hadi 692 ni 120 tena. Kila mililita 100 inaleta gramu 120, yaani gramu 1.2 kwa mililita, na jibu ndilo hilo. Jagi halikutusumbua kwa sababu limo katika kila kipimo kwa kiasi kile kile. Ukitoa kipimo kimoja kwenye kingine, linajiondoa lenyewe pamoja na yale maji yaliyobaki chini.

Weka vipimo hivyo kwenye karatasi ya grafu, ujazo kwenye mhimili mlalo na uzito kwenye mhimili wima. Nukta nne zitakaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Kiasi ambacho mstari unapanda kwa kila hatua moja ya kwenda kulia ndicho kinachoitwa mteremko, au gredienti kama wanafunzi wanavyozoea kusema, na hapa ni 1.2. Ukiurefusha mstari kurudi nyuma hadi ujazo wa sifuri, utakata mhimili wima kwenye 212. Hizo gramu 212 ndizo uzito wa jagi na mabaki yake. Hukulipima, na bado umelijua.

Nimeanza na jagi kwa sababu kila jaribio la grafu la kidato cha nne, na mengine makubwa kuliko hayo, limejengwa juu ya wazo hilo hilo. Wanafunzi wengi wanaojiandaa kwa fizikia ya vitendo hapa Malindi wanaweza kukuandikia y = mx + c wakiwa wamefumba macho. Ukiwauliza m ni nini watasema “mteremko”, na c watasema “pale mstari unapokata mhimili wima”. Wanachokosa ni kwamba herufi hizo mbili ndiyo sababu ya grafu kuchorwa. x na y umezipima, unazijua tayari. Grafu inachorwa ili ikupe m na c, na ndani ya moja kati ya hizo, au zote mbili, kuna kitu ambacho chombo chako hakiwezi kukisoma moja kwa moja.

Karatasi ya mtihani nayo inachangia kuwachanganya. Sehemu moja inasema tafuta mteremko. Sehemu inayofuata inatoa mlinganyo na kusema tafuta thamani ya herufi fulani. Mwanafunzi anaona maswali mawili yasiyojuana, na anayakamilisha kama mtu anayejaza fomu. Kumbe kazi ilikuwa moja: uchukue kanuni ya fizikia, uipange upya mpaka ifanane na y = mx + c, kisha uangalie ni nini kimesimama mbele ya x. Chochote kilichosimama hapo ndicho mteremko wako. Kama kuna kitu usichokijua ndani yake, umekipata.

Pendulamu, na urefu ambao hakuna anayeujua

Tuingie kwenye jaribio lenyewe. Funga chubwi ya mshipi, ile risasi ya wavuvi, kwenye uzi mwembamba. Ning’iniza uzi kwenye msumari, uvute pembeni kidogo, pembe ya nyuzi (digrii) kumi au pungufu, kisha uachie. Fanyia ndani ya nyumba, maana upepo wa kusi hauna simile. Tunachotafuta ni g, mchapuko wa uvutano, yaani kasi ya kitu kinachoanguka inaongezeka kwa kiasi gani kila sekunde. Huna chombo cha kukisoma hicho. Una rula na saa ya simu.

Kanuni inasema muda wa mbembeo mmoja, kwenda na kurudi, ni T = 2π√(L/g). L ni urefu kutoka msumarini hadi kitovu cha uzito wa chubwi. Ukichora T dhidi ya L utapata mstari uliopinda, na mstari uliopinda hauna mteremko mmoja. Kila mahali una wake. Kwa hiyo unanyoosha kwanza. Piga pande zote mbili kipeo cha pili, upate T² = (4π²/g) × L. Sasa T² inakaa mahali pa y, L mahali pa x, na mbele ya L kumesimama 4π²/g. Huo ndio mteremko. Ukishaupata, g ni 4π² kugawa kwa mteremko, na 4π² ni 39.48.

Kuna kizuizi kidogo, na mimi nakipenda kuliko jaribio zima. Kitovu cha uzito wa chubwi kiko wapi? Risasi ya wavuvi ni ndefu, imechongoka upande mmoja, ina tundu upande wa pili. Huwezi kuipasua utazame. Unachoweza kupima bila wasiwasi ni uzi, kutoka msumarini hadi kwenye fundo. Pima huo tu.

Hesabu ninazoweka hapa nimezipanga ziwe safi ili njia ionekane. Zako zitayumba, na zinapaswa kuyumba. Uzi wa sentimita 30 unachukua sekunde 22.55 kwa mibembeo 20. Wa sentimita 50 unachukua 28.84. Wa 70 unachukua 33.98, na wa 90 unachukua 38.44. Gawa kila moja kwa 20 kupata T, kisha piga kipeo cha pili: 1.271, 2.079, 2.887 na 3.694.

Mtu wa haraka yule yule wa jagi atachukua kila urefu na T² yake, aingize kwenye kanuni, apate g mara nne. Atapata 9.32, 9.49, 9.57 na 9.62. Ataona zinatofautiana, atafanya alichofundishwa, yaani atatafuta wastani, na wastani utakuwa 9.50. Ataandika jibu hilo akiwa ametulia kabisa, kwa kuwa amepima mara nne na amefanya wastani. Lakini wastani unatibu makosa yanayokwenda huku na huku, leo juu kesho chini. Hautibu ugonjwa ambao vipimo vyote vinauumwa kwa pamoja. Hapa kila urefu ni mfupi kuliko ukweli kwa kiasi kile kile, kile kipande cha kutoka fundoni hadi katikati ya chubwi, na hata akipima mara mia wastani wake utabaki chini ya ukweli.

Dalili ilikuwepo tangu mwanzo. Majibu yake hayakuruka ovyo. Yalipanda taratibu, 9.32 kuelekea 9.62, kadiri uzi ulivyorefuka. Majibu yakipanda kwa mpango namna hiyo, kuna kitu cha kudumu kimejificha ndani.

Mwenye grafu anachukua ncha mbili za mstari. T² imepanda kutoka 1.271 hadi 3.694, yaani 2.423. Urefu umeongezeka kwa mita 0.60. Mteremko ni 4.038, na 39.48 kugawa kwa 4.038 ni 9.78.

Hapo ndipo mwanafunzi anapokuja na karatasi yake, uso umekunjamana. “Mwalimu, mstari wangu haupiti kwenye sifuri. Umekata juu, kwenye 0.06. Nimekosea wapi?”

“Hujakosea, mwanangu. Hiyo 0.06 igawe kwa mteremko.”

Anagawa. 0.06 kwa 4.04 ni 0.015. Mita 0.015 ni sentimita moja na nusu.

“Sasa shika chubwi. Pima sentimita moja na nusu kutoka fundoni.”

Kidole kinaangukia katikati ya risasi. Kila kitu alichodhani ni kosa kilikuwa kipimo cha pili ambacho hakukiomba. Ndiyo maana huwa nakasirika, nakiri, nikiona mwanafunzi amelazimisha mstari upite kwenye sifuri ati kwa kuwa “bila urefu hakuna mbembeo”. Kimantiki ni kweli, pendulamu isiyo na urefu haibembei. Ila rula yake ilianza kusoma mahali pasipo sahihi, na kwa kulazimisha mstari ameirudisha ndani ya mteremko ile sentimita moja na nusu ambayo grafu ilikuwa imeshamtolea nje.

Jibu la 9.78 nalo lina habari yake. Vitabu vingi vinaandika 9.81, na mwanafunzi wa pwani akipata 9.78 anadhani amepungukiwa. Hiyo 9.81 ni ya nchi kama Uingereza. Malindi iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta g ni 9.78, kwenye ncha za dunia inafika 9.83. Sababu ni mbili: dunia imefura kidogo katikati, kwa hiyo huku tuko mbali zaidi na kitovu chake, na pia inazunguka, na mzunguko huo unapunguza kidogo uzito wa kila kitu. Mzunguko huo huo ndio uliowaleta Waitalia Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, miaka ya 1960 na majukwaa yao ya kurushia roketi baharini: karibu na ikweta ardhi inakwenda mashariki kwa mita 460 na ushei kwa sekunde, na roketi inapewa kasi hiyo bure. Setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kupekua anga kwa miale ya eksirei, ilirushwa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970.

Waliogundua kwamba g haifanani kila mahali waliigundua kwa pendulamu. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta kama sisi. Saa ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku, ikabidi afupishe pendulamu yake kwa milimita zisizofika tatu. Niseme wazi, hata hivyo, kwamba tofauti kati ya 9.78 na 9.81 ni kama sehemu tatu katika elfu. Kwa uzi na saa ya simu, mkono wako unatetemeka kuliko hapo. Ukipata 9.7 au 9.9 umefanya kazi nzuri. Usijidai umeipima ikweta.

Mkono unaochora

Mstari wenyewe unachorwaje? Vipimo halisi havikai kwenye mstari mmoja, vinatawanyika pande zote. Usiunganishe nukta kwa nukta ukatengeneza msumeno. Weka rula inayopitisha mwanga, isogeze mpaka nukta za juu na za chini ziwe zimegawanyika kwa haki katika urefu wote wa mstari, kisha piga mstari mmoja tu. Programu ya lahajedwali itafanya hivyo kwa hesabu, ikitafuta mstari ambao jumla ya vipeo vya pili vya umbali wa nukta kutoka kwake ni ndogo kuliko mingine yote. Njia hiyo aliichapisha Mfaransa Legendre mwaka 1805. Jicho lililozoea halikosei sana likilinganishwa na programu, na lina faida moja: likiona nukta moja imekimbia mbali na wenzake, linauliza kulikoni. Programu inaijumuisha tu na kuendelea.

Mteremko usitolewe kwenye nukta mbili za vipimo. Toa kwenye mstari, kwa pembetatu kubwa kadiri karatasi inavyoruhusu. Sababu si urembo. Ukisoma mahali pa mstari, unakosea kama nusu ya kijisanduku. Kwenye pembetatu yenye vijisanduku kumi, nusu ni asilimia tano. Kwenye yenye vijisanduku mia, ni nusu ya asilimia. Kosa la jicho ni lile lile, kilichobadilika ni kiasi cha kulifunika. Kwa sababu hiyo hiyo chagua urefu wa uzi uliotapakaa, 30 hadi 90, badala ya kurundika vipimo kati ya 50 na 60.

Ukitaka kujua jibu lako ni la kuaminika kiasi gani, chora mistari miwili zaidi kwa penseli nyepesi: mmoja ulio mkali kuliko yote inayoweza kuvumiliwa na nukta zako, na mwingine uliolala kuliko yote. Miteremko yao ndiyo mipaka yako.

Na vizio, jamani. Mteremko si namba tupu. Ni vizio vya mhimili wima kugawa kwa vizio vya mhimili mlalo: gramu kwa mililita, kipeo cha pili cha sekunde kwa mita. Aliyechora urefu kwa sentimita na kusahau atapata g ya 978, na hatashtuka.

Mstari unaoshuka

Mteremko si lazima upande. Kwa mafundi betri wa Malindi unashuka, ingawa wao hawauchori.

Mwenye tuktuk analeta betri, injini haiwaki asubuhi. Fundi anaweka mita, inasoma volti 12.6. Kwa mita, betri ni nzima. Anawasha taa zote, mita inashuka hadi 12.1, anatikisa kichwa: “Hii imechoka.” Amesoma mteremko kwa nukta mbili.

Ndani ya betri kuna ukinzani, na umeme wowote unaotoka lazima upite humo kwanza. Volteji inayobaki nje ni V = E − Ir, ambapo E ni volteji ya betri isiyobebeshwa kitu, I ni mkondo unaovutwa, na r ni huo ukinzani wa ndani. Ukichora V dhidi ya I, kilichosimama mbele ya I ni −r. Mstari unakwenda chini, na mteremko wake ni hasi. Hakuna waya unaoweza kuingiza ndani ya betri ukaugusa ukinzani huo peke yake. Umeenea katika bamba zote na tindikali yote. Mteremko unaupata bila kufungua kifuniko.

Tuseme taa zile zinavuta ampea 10. Volti zimepungua 0.5, kwa hiyo r ni 0.05 ya omu. Inaonekana si kitu. Lakini mota ya kuwashia injini ikivuta ampea 60, volti 3 zinamezwa ndani ya betri yenyewe, na mota inabakiwa na 9.6. Betri yenye r ya 0.01 ingepoteza 0.6 tu kwa mzigo ule ule. Zote mbili zikikaa mezani bila kuguswa zinaweza kusoma 12.6. Kinachozitofautisha hakimo kwenye kipimo kimoja chochote. Kimo kwenye namna vipimo vinavyobadilika. Fundi akifanya kwa mizigo minne au mitano badala ya mmoja, na akachora, ataona pia kama mita yake ina hitilafu ya kusoma juu au chini kwa kiasi kile kile kila mara. Hitilafu ya aina hiyo itasogeza mstari mzima juu au chini na kumdanganya kuhusu E, lakini r haitaguswa.

Millikan na kanuni asiyoiamini

Jambo hili hili ndilo lililotoa mojawapo ya namba za msingi za fizikia. Mwaka 1905 Albert Einstein alisema mwanga ukiangukia metali unagonga elektroni kwa vifurushi, na nishati ya kila kifurushi ni h, namba isiyobadilika, mara f, yaani masafa ya mwanga (mara ngapi wimbi lake linatetema kwa sekunde). Elektroni inalipa kiasi fulani ili itoke kwenye metali na kubaki na kinachosalia. Ukiizuia kwa volteji ya kinyume mpaka isifike ng’ambo, volteji hiyo ya kuzuia ni V = (h/e)f − W/e. W ni ule “ushuru” wa kutokea, na kila metali una wake. e ni chaji ya elektroni.

Mmarekani Robert Millikan hakuuamini huo mwanga wa vifurushi. Alifanya kazi kwa miaka kuujaribu. Tatizo lake kubwa lilikuwa uso wa metali: ukiguswa na hewa unachafuka, na W inabadilika. Akaunda ndani ya chombo kisicho na hewa kisu kinachozunguka cha kukwangua sodiamu na lithiamu ili kila kipimo kiwe kwenye uso mpya. Mwaka 1916 alichapisha grafu zake. Nukta zilikaa kwenye mistari iliyonyooka vizuri mno, na mteremko ulimpa h ya 6.57 × 10⁻³⁴ kwa vizio vya leo vya joule-sekunde. Thamani iliyowekwa rasmi mwaka 2019 ni 6.626 × 10⁻³⁴. Hakufika asilimia moja ya kosa.

Tazama c iko wapi katika mlinganyo ule. W, pamoja na volteji ndogo zinazozuka pale metali mbili tofauti zinapounganishwa, zote zinaangukia kwenye c. Ukibadilisha sodiamu kwa lithiamu, mstari unasogea pembeni. Mteremko haubadiliki, kwa kuwa h haijui metali. Kama Millikan angetegemea kipimo kimoja kimoja, angepata h ya sodiamu na h ya lithiamu, na huenda angesema Einstein alikosea. Einstein alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921 kwa kanuni hiyo, na Millikan ya 1923 kwa kazi iliyojumuisha grafu hizo.

Mteremko unapodanganya

Mpaka hapa nimeusifu sana, kwa hiyo niseme pia ambacho mteremko hauwezi kukufanyia. Mteremko unatupa nje kosa linalojumlishwa, lile linaloongeza au kupunguza kiasi kile kile kila mara. Kosa linalozidisha linabaki ndani, zima.

Rudi kwenye pendulamu. Mwanafunzi anaachia chubwi, anabonyeza saa, na papo hapo anahesabu “moja”. Chubwi inakwenda na kurudi, “mbili”. Akifika “ishirini” amehesabu mibembeo 19. Kila T yake imepungua kwa sehemu moja katika ishirini, kila T² imebaki asilimia 90.25 ya ukweli, na mteremko vivyo hivyo. Atapata g ya 10.84. Mstari wake umenyooka, nukta zimetulia, hata lile kato la mhimili wima likigawanywa linampa sentimita moja na nusu sahihi kabisa ya chubwi. Hakuna chochote kwenye karatasi kitakachomwambia kuna tatizo. Anayehesabu aanze na “sifuri” anapobonyeza.

Ukiona hilo ni kosa la watoto, Edwin Hubble mwaka 1929 alichora kasi ya magalaksi, yale makundi makubwa ya nyota, dhidi ya umbali wake. Galaksi zilizo mbali zaidi zinatukimbia kwa kasi zaidi, na mteremko wa mstari unasema ulimwengu unapanuka kwa kiwango gani. Alipata kama kilomita 500 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kwa kila miaka ya mwanga milioni 3.26. Geuza mteremko huo juu chini, upate muda ambao galaksi zimekuwa zikitengana: miaka bilioni mbili hivi. Miamba ya dunia ilikuwa ikionekana kuwa na umri mkubwa kuliko huo. Ulimwengu mchanga kuliko mawe yaliyomo ndani yake.

Kasi alikuwa nazo sawasawa. Umbali ndio ulikuwa mfupi, wote, kwa kuzidisha. Alikuwa akiukadiria kwa nyota za Sefeidi zinazopepesa kwa mpango, bila mtu yeyote wakati huo kujua kwamba ziko za aina mbili, moja angavu kuliko nyingine. Mwaka 1952 Walter Baade alizitenganisha, na umbali ukawa mara mbili ya awali, mteremko ukawa nusu. Marekebisho mengine yalifuata, na leo unakaa karibu na 70. Kwenye grafu ya 1929 hakuna nukta ambayo ungeinyooshea kidole ukasema hii ndiyo mbovu. Zote zilikuwa zimesogezwa kwa uwiano mmoja kuelekea kushoto.

Namba hiyo bado ina ubishi. Wanaoupima kutokana na mwanga wa kale uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu wanapata karibu na 67. Wanaopanda ngazi ya umbali, Sefeidi kwanza kisha nyota zinazolipuka, wengi wanapata karibu na 73. Kila upande umepunguza mtawanyiko wa nukta zake hadi mipaka ya majibu yao haigusani tena, kwa hiyo kuongeza nukta zaidi hakutawapatanisha. Wanachokipekua sasa ni rula zenyewe: vumbi lililo mbele ya nyota, nyota jirani zinazochanganya mwanga wao na wa Sefeidi, na umbali wa galaksi chache za karibu ambazo ngazi nzima imesimamishwa juu yake.